Mtoto mwenye uvimbe wa mishipa ya damu: picha kwanza, kisu baadaye

Mi nafanya ekografi, zile picha za ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo. Nilisomea ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, nikaingia kazini, na toka hapo maisha yangu ni chumba kimoja chenye giza, mashine moja, na wamama wamejipanga kwenye benchi nje. Kila siku ni mimba, figo, ini, tena mimba. Lakini mara moja moja anakuja mtoto ana uvimbe wa mishipa ya damu, na kati ya hao kuna wachache sana ambao uvimbe wao si ule wa kawaida, ni kansa ama ni kitu cha katikati kinachokula nyama ya jirani kama kansa. Hao njo wananifanya niandike leo, juu nimeona kwa macho yangu kwamba mtoto wa namna hiyo anaweza kupona ama kupotea kufuatana na kile watu walimfanyia siku ya kwanza, hata mbele ya kufika kwa dokta mkubwa.

Nianze na ule wa kawaida, bila huo hautaelewa mwingine. Karibu watoto 4 ama 5 kwa kila 100 wanapataka ile alama nyekundu inaitwa hemanjioma. Siku anazaliwa haionekani, ama ni kadoa tu, kisha wiki ya pili ya tatu inaanza kupanda, inakua mbio sana hiyo miezi ya kwanza, halafu inasimama, halafu inafifia pole pole miaka kwa miaka. Wasichana wanaipata zaidi, na wale waliozaliwa kabla ya wakati. Nyingi hazihitaji dawa yoyote. Zile za karibu na jicho, pua, mdomo, ama zile zinatoka vidonda, kuna propranololi, ile ile wanapewaka watu wa moyo na presha. Wanganga wa Bordeaux kule Ufaransa waliandika mwaka 2008 kwamba walimpa mtoto hiyo dawa juu ya shida ya moyo wakaona hemanjioma yake inapungua, yaani hawakuwa wanaitafuta kabisa. Napenda sana hiyo habari, juu ilitokea kwa sababu mtu aliangalia mtoto mzima, hakuangalia moyo peke yake.

Kwenye ekografi hemanjioma ina sura yake. Mipaka safi, ndani ni nyama iliyojaa, na ukiwasha dopla, ile sehemu ya mashine inayoonyesha kwa rangi damu inayotembea, inawaka rangi kila pembe, mishipa mingi na damu inakimbia haraka. Kuna kipimo tulifundishwa: ukihesabu zaidi ya mishipa 5 ndani ya sentimita mraba 1, na ateri zina kasi kubwa, uko karibu sana na jibu. Kama na historia inakubali, mtoto wa miezi miwili, ilianza wiki ya pili, inakua lakini mtoto ananyonya vizuri anacheka, basi hapo hakuna haja ya skana wala biopsi (kutoa kipande cha nyama kipimwe), ni kumfuata tu.

Shida inaanza pale ambapo kila kitu chekundu cha mtoto kinaandikwa "anjioma", yaani uvimbe wa mishipa tu, kwenye karatasi, na mambo yanaishia hapo. Watu wa ISSVA, hiyo ni jumuiya ya dunia nzima ya wanaochunguza haya magonjwa ya mishipa, walipanga vizuri toka 1996: upande mmoja kuna uvimbe ambao seli zake zinazaana, upande mwingine kuna mishipa iliyojengeka vibaya toka mtoto akiwa tumboni. Wakarudilia ule mpango 2014 na 2018, na ule uvimbe wa seli wakaugawa tatu: wa upole, wa katikati, na kansa yenyewe. Mi naona kila mtu anayeshika sonda, kile kifaa cha ekografi tunachoweka kwenye ngozi, angejua huo mgawanyo, juu dawa ya mmoja si dawa ya mwingine, na mwingine ukimpa ya mwenzake hautamsaidia kitu.

Sasa yule mtoto.

Alitoka upande wa Walungu, mtoto mwanaume, miezi mitatu hivi. Paja lote la kushoto lilikuwa limevimba, toka kwenye kiuno kufika karibu na goti, ngozi ya zambarau imekaza inang'aa, na ya moto, ukigusa tu analia kilio cha maumivu, si kilio cha njaa. Mama yake akaniambia, "Alizaliwaka na kaalama tu, munganga, kadogo hivi. Hii juma moja njo ikavimba gafula." Kwenye kituo kidogo walikopita walidhani ni jipu, wakatayarisha kisu wapasue watoe usaha. Bibi yake akakatala. Alisema mguu wa mjukuu wake hakuna mtu atakata mbele hawajamupiga picha. Wale waliona bibi ni msumbufu, lakini mi nakwambia leo, yule bibi aliokoa mtoto na hakuwa amesoma hata darasa moja.

Niliweka sonda. Usaha hakuna. Kama ni jipu ungeona maji mazito katikati yanacheza ukibonyeza kidogo, na rangi ya dopla inazunguka pembeni peke yake. Hapa ilikuwa nyama, nzito, na nilitafuta mpaka wake nikaukosa. Inaanza kwenye ngozi, ngozi yenyewe imenenepa, inaingia kwenye mafuta, inapita mafuta inaingia kwenye msuli, kila tabaka imechanganyika na ingine, hauwezi kusema inaishia hapa. Hemanjioma haifanyaka hivyo, hemanjioma inasukuma majirani, haiingii ndani yao namna ile. Na dopla ilikuwa na rangi, ndiyo, lakini si ule moto wa hemanjioma, mishipa inayoileta damu ilikuwa midogo ukilinganisha na ukubwa wa uvimbe.

Kisha nikamwangalia mtoto mwenyewe. Kwenye tumbo vidoa vidogo vidogo vyekundu kama vya kuchomwa na sindano, na pale walipomchanjia kulikuwa kumevilia damu pana. Hapo niliacha sonda nikashika simu nikaita dokta wa watoto, nikamwomba aandike kipimo cha damu mara moja, mbele ya yote plakete, zile chembe zinazofanya damu igande. Labo ikarudisha: chini sana ya 50,000, wakati mtoto mwenye afya anakuwaka na 150,000 kwenda juu. Na damu yenyewe ilikuwa imepunguka.

Hiyo hali ina jina, Kasabach-Merritt, ni majina ya wawili walioiandika mwaka 1940. Ule uvimbe unanasa plakete ndani yake, unazitumia zinaisha, pamoja na vitu vingine vinavyofanya damu igande, hadi mwili wote unabaki bila ulinzi na mtoto anaweza kuvuja damu popote, hata kichwani. Na kwa miaka mingi sana dunia nzima iliamini kwamba inaletwa na hemanjioma ya kawaida ikiwa kubwa. Ilibidi kufika 1997 ndiyo wachunguzi wakaonyesha kwamba hapana, si hemanjioma hata kidogo, ni uvimbe mwingine, ule ulipewa jina lake 1993, kaposiformu hemanjioendotelioma, sisi tunaitaka KHE juu hilo jina linachosha ulimi. Huo unapatikana kwa watoto wadogo sana, wengi mbele ya mwaka mmoja. Ni wa ile katikati ya mpango wa ISSVA: hautembei kwenda kuota kwenye viungo vya mbali kama kansa kali, lakini pale ulipo unakula, unabana, na kama umeleta Kasabach-Merritt unaweza kuua. Na ni wa nadra kweli, makadirio ya kule Marekani ni chini ya mtoto 1 kwa milioni ya watoto kwa mwaka.

Jaribu kufikiri wangepasua lile paja. Mtoto bila plakete, kisu kimeingia kwenye nyama iliyojaa mishipa. Hata sindano ya biopsi dokta aliikatala siku ile, akasema historia, ile rangi ya ngozi, picha na plakete vyote vinasema kitu kimoja, tusimtoboe. Na kuna ingine ambayo watu wengi hawajui, hata sisi wa kazini. Wajomba wa mtoto walifika hospitali wamekunja mikono ya shati, tayari kutoa damu, "Mutoe tu yetu, mumuongezee plakete." Ni upendo huo, na inauma kumwambia mtu asitoe. Lakini plakete ukimwekea mtoto wa KHE ambaye havuji damu, uvimbe unazinasa zile zile, unavimba zaidi, unauma zaidi. Zinawekwa tu kama anavuja kweli ama anaenda kwenye operesheni. Dokta aliwaketisha kwenye benchi akawaelezea taratibu, akawaambia damu nyekundu pengine itahitajika basi wasiende mbali, na wakabaki.

Walimwanzisha prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, kisha swali likawa IRM, ile mashine inayopiga picha za ndani kwa sumaku. Ekografi ilituonyesha mlango, tulihitaji kuona nyumba nzima: imeingia wapi, imefika kwenye mfupa, imepanda kwenye fupanyonga ama hapana. Kwetu kazini IRM hakuna, njia ilikuwa Kigali. Ukitoka Bukavu unavuka Ruzizi, unapanda gari, msitu wa Nyungwe na zile kona zake, ni safari ya siku nzima na mtoto mgonjwa kwenye mapaja. Baba alikuwa Kamituga kwenye migodi, simu haipatikani. Ni kanisa njo walichanga, na wamama wa soko la Kadutu ambao mama yake mdogo anauzaka nao.

Watu wengine walisema skana ingetosha, skana si iko karibu? Skana ni mionzi, na mtoto wa miezi mitatu ana maisha marefu mbele ya kubeba hiyo mionzi. Na zaidi, kwa uvimbe wa nyama laini skana haitenganishi vizuri mafuta na msuli na uvimbe. IRM haina mionzi. Ubaya wake ni kelele na kwamba mtoto lazima asitikisike, njo maana wakubwa kidogo wanalazwa na dawa ya usingizi. Kwa wachanga kama huyu kuna namna nzuri sana: unamwacha na njaa kidogo, unamnyonyesha ashibe pale pale karibu na mashine, unamfunga kwenye shuka vizuri, unamziba masikio, analala mwenyewe. Mwenzangu wa kule aliniambia kwa simu kwamba alilala mpaka mwisho. Kumlaza na dawa mtoto asiye na plakete, anayepumua vibaya juu ya maumivu, ni hatari juu ya hatari, na hapo waliiepuka.

Picha zilirudi kwenye CD na karatasi. Kwenye zile za T2 (aina moja ya picha za IRM) ambazo mafuta yamezimwa uvimbe ulikuwa mweupe mchanganyiko, toka kwenye ngozi mpaka kwenye msuli, umefika kugusa mfupa wa paja, hauna ukingo, na walipoweka gadolini, dawa ya kung'arisha picha, karibu wote ukawaka. Tumboni haukuwa umeingia. Nilikaa na hizo picha jioni nzima nikilinganisha na zangu za ekografi, kila mahali nilipokuwa nimeandika "mpaka hauonekani" IRM ilikuwa inasema vile vile, na sehemu ya nyuma ya paja, ambayo sonda yangu haikufika vizuri juu mtoto alikuwa anaumia, huko njo kulikuwa kumeenda mbali zaidi kuliko tulivyodhani.

Walimpa vinkristini, dawa ya kansa, kila wiki pamoja na ile prednisoloni, na baadaye akawekwa kwa siku nyingi kwenye sirolimusi, dawa ambayo ilitoka kwenye bakteria ya udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya bahari ya Pasifiki, huwa naiwaza sana hiyo, udongo wa mbali namna ile na paja la mtoto wa Walungu. Plakete zilianza kupanda mbele ya uvimbe kupungua. Hiyo ni ya kukumbuka: mama anaangalia paja, anaona bado kubwa, anakata tamaa, na wakati huo damu tayari inasema mtoto anatoka hatarini. Kila alipokuja kwangu kwa kontrole nilimwonyesha karatasi ya labo kwanza, kisha njo nikaweka sonda.

Na kontrole yenyewe lazima ifanywe kwa utaratibu. Sonda ile ile, mahali pale pale (nilichukua kipimo kutoka kwenye goti kwa utepe wa fundi cherehani), vipimo vitatu, urefu, upana, kina, na paja la pili pia, juu mtoto anakua, bila paja zima la kulinganisha utasema uvimbe umeongezeka kumbe ni mtoto amenenepa. KHE mara nyingi haiishaka kabisa. Inabaki kitu kigumu chini ya ngozi, inaweza kuleta maumivu hata miaka baadaye, ama kiungo kukaza. Mama aliniuliza, "Sasa munganga, mbona bado naona alama?" Nikamwambia alama itabaki, mama, tunachokimbiza si alama, ni plakete na ni mguu wake kutembea. Anatembea. Anachechemea kidogo asubuhi.

Niseme kidogo kwa wale wenzangu wa sonda, hasa wastajiere, wale wanaojifunza kazi. Kwa mtoto mwenye uvimbe wa mishipa usibonyeze. Ukibonyeza unafunga mishipa midogo, rangi inapotea, unaandika "haina damu" na umedanganya bila kutaka. Weka jeli nyingi, uipashe moto kwanza ndani ya beseni ya maji, juu jeli ya baridi kwenye tumbo la mtoto ni kilio, na mtoto akilia dopla yote inakuwa rangi za ovyo. Mwache kwenye mikono ya mama yake, anyonye, wewe njo ujipinde, shingo itauma lakini picha itakuwa safi. Tumia sonda bapa ya masafa ya juu, shusha kipimo cha kasi ya dopla chini ili uone damu inayotembea pole pole, kisha pandisha. Rekodi video, si picha moja iliyosimama. Na umeme ikikatika katikati ya kazi, ambavyo tunajua inakatikaka, usiandike nusu ulioona ukasema basi, ngoja jenereta ama umrudishe mtoto kesho yake asubuhi, isipokuwa ana vile vidoa vyekundu, huyo haendi nyumbani.

Mvue nguo zote. Hii wengi hawaifanyi juu foleni ni ndefu. Kuna mtoto aliletwa toka Bagira kwa sababu tumbo limejaa, nikamvua nikamkuta na hemanjioma ndogo ndogo kichwani, mgongoni, kwenye kidole cha mguu, hata kwenye nyama ya meno. Zikifika 5 kwenda juu, lazima uangalie ini, huo ni mwongozo unajulikana. Ini lake lilikuwa limejaa vivimbe vya duara vinavyofanana, vyote vinawaka dopla, na mshipa mkubwa wa ini umepanuka. Hapo kuna mambo mawili ambayo picha peke yake haitakwambia: moyo unaweza kuchoka juu damu nyingi inapita kwenye ini mbio, na zile hemanjioma zinavunja homoni ya tezi ya shingo, mtoto anabaki bila hiyo homoni na akili yake haikui vizuri. Kwa hiyo niliandika chini ya protokole, ile karatasi yangu ya majibu, waangalie moyo na wapime tezi. Alipewa propranololi na dawa ya tezi, na ini lilirudi kuwa la kawaida kwa macho yangu mwenyewe, kontrole baada ya kontrole. Lakini usichukue hiyo furaha ukaipeleka kwa mtoto mkubwa. Uvimbe wa ini unaotokea ama unaokua wakati mtoto amepita mwaka mmoja, usiuite hemanjioma kwa picha tu, hata kama unawaka vizuri, juu anjiosakoma, ambayo ni kansa kali kabisa ya mishipa, inaweza kujificha ndani ya sura ile ile. Huyo anahitaji biopsi.

Halafu kuna kansa ya mishipa ambayo huku kwetu si ngeni, Kaposi. Wengi wanadhani ni ya watu wazima wenye virusi vya ukimwi peke yao. Daktari Moritz Kaposi aliiandika 1872 kule Vienna, kirusi kinachoileta, HHV-8, kilijulikana 1994, na Afrika ya kati na mashariki ilikuwa inaonekana hata kwa watoto toka mbele ya ukimwi kujulikana. Kwa mtoto mara nyingi haianzii kwenye ngozi ya miguu kama kwa mzee, inaanzia kwenye matezi, yale ya kinga ya mwili, si ile tezi ya homoni. Na matezi huku kwetu yanaitwa kifua kikuu moja kwa moja.

Msichana mmoja wa umri wa shule ya msingi alikuja kwangu akiwa amekunywa dawa za kifua kikuu kwa miezi, matezi ya shingo na ya kinena yanaongezeka tu, makohozi yalikuwa hayajaonyesha kitu. Tezi la kifua kikuu mara nyingi katikati yake panakufa, unaona peusi, matezi yanashikamana, na dopla katikati hakuna. Haya yalikuwa makubwa, mazima ndani, na damu inapita kila mahali. Niliandika hivyo hivyo, nikaongeza kwamba hayafanani na kifua kikuu, waangalie limfoma (kansa ya matezi) na Kaposi, na tezi la kulitoa ni lile la kinena upande wa kulia juu liko karibu na ngozi na mbali na mshipa mkubwa. Wakati yuko anasubiri, nesi mmoja, binti kijana kabisa, alimwambia afungue mdomo akaona doa la zambarau juu kwenye kaakaa. Walitoa lile tezi, jibu likarudi Kaposi. Mambo mengine ya damu yake ni yake na ya wazazi wake, siwezi kuyaweka hapa, nitasema tu kwamba alipimwa vyote vinavyotakiwa na akaanza matibabu ya kansa, na yale matezi yalianza kushuka.

Naomba uwaweke hao wawili pamoja kichwani, mvulana wa Walungu na huyu msichana. Kwa mmoja picha ilisema msiguse na kisu, kwa mwingine picha ilisema toeni hili tezi hapa upesi. Mashine ni ile ile, rangi ni zile zile nyekundu na bluu. Kilichotenganisha ni umri, siku ilipoanza, namna inavyokua, plakete, na kuangalia mtoto toka kichwani kufika miguuni. Njo maana nakasirikaka nikipokea karatasi imeandikwa "ekografi ya uvimbe" na hakuna hata umri wa mtoto.

Na wazazi nao. Wamama wanakujaka wamebeba lawama nzito. Mama mkwe amewaambia ile alama ni juu walitamani nyama wakati wa mimba wakakosa, ama ni juu walijikuna usiku, ama mtu amewaroga. Mi nazima mwanga wa mashine, nageuka, namwambia mama, wewe hukufanya kitu, hakuna chakula wala neno ulisema lililoleta hii, na nasema hivyo mbele ya mama mkwe makusudi. Kisha nawaomba kitu kimoja, wasiende kumchanja kwa wembe. Najua watu wanaenda, wanachanja kwa wembe wanapaka dawa, wanafanya kwa kumpenda mtoto. Kwa uvimbe mwingine labda kitabaki kidonda tu. Kwa KHE ule wembe unaweza kuwa kifo, na hakuna atakayejua kwa macho kwamba huu ni ule, juu siku za kwanza vyote vinafanana.

Wazazi, wekeni picha zote, na za simu pia. Yule mama wa Walungu alikuwa na picha ya simu ya mtoto akiwa na wiki mbili, kwenye sherehe ya nyumbani, paja linaonekana na ile alama ndogo ya bluu bluu, hiyo picha ilimwambia dokta mengi kuliko karatasi za kituo. Na sisi tukitumiana picha za ekografi kwa WhatsApp ili kuomba shauri kwa wenzetu wa Goma ama wa ng'ambo, tufute jina la mtoto, tuache umri, tuache ule msitari wa vipimo pembeni, tutume video na dopla ikiwa imewashwa, na matokeo ya damu ya siku ile ile.

Kama kituo chako hakina dopla, andika wazi kwenye karatasi kwamba haikufanywa, usiandike "anjioma", muandikie plakete zichukuliwe mbele hajatoka hapo, na umpatie mama namba ya simu ya mtu anayemngojea Bukavu.